Mizani ya Mwaloni

Usinifundishe mizani.
Mwaka wa ishirini na tatu huu niko Mwaloni, Kirumba,
napima dagaa za watu, napimiwa zangu.
Nalijua jiwe linalojificha chini ya sahani.
Nazijua dagaa za mchanga, nzito guniani, nyepesi sufuriani,
na sangara aliyenyweshwa maji usiku
ili asubuhi mnunuzi alipie ziwa.

Jumanne nikapanda mizani ya zahanati.
Nesi, binti mdogo, jina lake Tekra,
kaandika kilo themanini na nane,
kaniegemeza ukutani, kanishushia kibao utosini,
kagawanya kwa urefu,
kagawanya tena kwa urefu uleule,
kasema: Mama Masalu, thelathini na nne.
Akageuza chati. Nilikuwa kwenye nyekundu.

Nyekundu tunajuana.
Kwenye kadi ya Masalu ilikaa chini, upande wa njaa.
Tulimning'iniza mtoto kama mkungu wa ndizi, analia,
na kila gramu iliyopanda niliipigia kigelegele.
Sasa nyekundu imehamia juu.
Sikuambiwa ilihama lini.

Na yupo kaka yangu, Lugeye.
Mwaka aliorudi kutoka visiwani
kila Jumapili alitoboa mkanda tundu jipya kwa msumari.
Akipita, watu wanashusha sauti.
Kakonda, walisema,
na neno lile lilikuwa na jembe na sepetu ndani yake.
Mama alimkorogea uji wa karanga, akampima kwa macho.
Chati hatukuwa nayo. Tulikuwa na mkanda.
Tundu la mwisho lilifika karibu na bakali.
Tangu hapo, gauni likinibana
nalala kama mtu aliyehakikisha komeo.
Hayo, binti, uligawanya kwa nini?

Sikuyasema. Nilisema: na Kwandu je?
Kwandu wifi yangu, kiuno cha nyigu,
aliyepewa ishirini na mbili na pongezi juu,
anayekunywa soda pale wenzake wanapokunywa chai,
ambaye tukipanda kwetu Mabatini, kule kwenye majabali,
ngazi ya arobaini anakaa chini, mkono kifuani,
anasema anaangalia ziwa.
Mimi napanda na ndoo kichwani.
Polepole. Lakini napanda.

Tekra hakubishana.
Akanifunga kitambaa mkononi, akapuliza hadi vidole vikafa ganzi,
akanitoboa kidole, tone moja,
tukangoja pamoja, kimya, kama watahiniwa.
Sukari salama. Presha imeinua kichwa.
Goti? Nikaona nisidanganye:
la kushoto, tangu masika, linanung'unika.
Usingizi? Upo. Chumvi?
Nikacheka. Mtu wa dagaa unamuuliza chumvi!

"Ile namba," akasema, akinifuta kidole,
"ilinifanya nikuulize. Haikunijibu.
Na huyo wifi, mlete."

Barabarani kijana ana mizani ya bafuni,
ameitandikia kitambaa kama mkeka wa mgeni.
Mia mbili tu, mama, panda,
kwa ajili yako napunguza kilo mbili.
Nilicheka mpaka kitenge kikalegea.
Nikampa mia mbili yake. Sikupanda.
Mwizi wa mizani nikimwona namheshimu kidogo,
huyu angalau ametangaza bei.

Usiku nimetia chumvi nusu ya ile ya jana.
Masalu kaonja, kaweka tonge chini,
kauliza kama kuna msiba.
Kula, nikamwambia, nawe una moyo.

Alhamisi ni zamu ya Kwandu.
Amekataa. Ana shughuli, ana afya,
alionyeshwa kijani kwa macho yake.
Nitamvuta.
Mkono ninao.